Mguu wa Kukanyagia Mafuta

Tunduma,
4 Machi 2001

Mdogo wangu Yesaya,

Salamu zote unazozijua zipokee kwa mkupuo, za asubuhi, za mchana na za kanisani, maana nikizianza moja moja karatasi itaisha kabla sijafika kwenye jambo. Na jambo lipo.

Wewe unanijua. Niliishia darasa la tano, lakini huku mpakani hakuna profesa anayeniweza. Kibemba nakiongea mpaka Wabemba wenyewe wananiuliza maana ya maneno. Kifaransa cha Lubumbashi nakijua cha kuulizia njia na cha kuombea msamaha. Semi-trela naigeuza mahali ambapo wengine wanashindwa kugeuza baiskeli. Sasa mtu kama huyo, mdogo wangu, ameshindwa na kidole cha mguu.

Kidole gumba, mguu wa kulia. Kilianza kwa ubaridi, kama kimelazwa kwenye barafu ya samaki. Halafu kikawa rangi ya bilinganya. Nikasema ni kiatu, nikabadili kiatu. Nikasema ni pedali za haya malori mapya. Maumivu yakaingia kwenye unyayo, nikikanyaga mafuta naona nyota saa sita mchana. Ferista wangu akanikamata shati akanipeleka hospitali kama mwizi wa kuku.

Huko kuna daktari mwanamke, Daktari Nesta, mdogo wa umbo, mkali kama pilipili kichaa. Akaupapasa mguu akitafuta mapigo ya damu, akauliza, "Baba, unavuta sigara ngapi kwa siku?" Nikasema mbili tatu. Akamtazama Ferista. Ferista akasema pakiti mbili, na siku ya foleni ya forodhani ni tatu. Yesaya, usioe mwanamke mkweli. (Umeshaoa. Pole.)

Amesema moshi unaziba mishipa ya mguu. Nikiacha kabisa, hata moja nisiguse, mguu utabaki. Nikiendelea atakata kidole, kisha unyayo, kisha goti. Amenipa mpaka mwisho wa Aprili. Na huo ndio mguu wa kukanyagia mafuta! Dereva asiye na mguu wa kulia ni abiria tu kama abiria wengine.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu. Aliniuliza, "Kwenu nani alivuta, na aliachaje?" Nikadhani ananipigia soga. Kumbe anasema ini ndilo linalochoma nikotini, yaani ile sumu tamu ya tumbaku. Kuna watu ini lao ni pikipiki, nusu lita inawafikisha mbali. Wengine ini lao ni semi iliyobeba shaba, tanki linakauka hata Vwawa hawajafika, na likikauka mwili mzima unapiga kelele. (Mfano wa magari ni wangu. Yeye alichora vimstari.) Ini la namna hiyo unazaliwa nalo, umelitoa kwa baba na mama. Ndiyo maana mmoja anaacha huku anacheka na mwingine anaacha huku analia. Akijua ya kwetu, atajua anishike vipi.

Basi niandikie Mzee wetu aliachaje kile kiko chake. Nakumbuka alikuwa nacho, halafu nakumbuka hana. Na wewe je? Mama usimwambie.

Kaka yako,
Jairo Zabron,
Dereva wa Kimataifa


Itumba,
15 Machi 2001

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Barua yako nimeipata Jumanne kwa mkono wa kondakta wa Hiace. Ilikuwa inanuka sigara, kaka. Mke wangu aliianika juani kabla sijaifungua.

Umeuliza habari za baba. Alibatizwa Agosti 1961. Alipotoka kanisani alikwenda moja kwa moja mpaka mto Songwe, akakitupa kiko na mfuko wa tumbaku, akarudi nyumbani akala chakula. Mimi mwenyewe nilimuuliza, mwaka mmoja kabla hajafariki, kama alisumbuka. Akaniambia, "Nilisahau hata ule mfuko ulikuwa wa rangi gani."

Kuhusu mimi unajua. Nilivuta miaka kumi na moja, mingi nikiwa kwenye mgodi wa makaa ya mawe kule Kiwira. Niliacha siku ya Jumatano. Nikaumwa kichwa mpaka Ijumaa. Basi.

Kwa hiyo kama daktari anatafuta damu, mwambie damu yetu ni nzuri. Baba mmoja, mama mmoja, ini moja. Kinachokushinda si ini. Nisamehe kwa kusema, wewe ni mkubwa wangu, lakini tangu utotoni hujawahi kukataa kitu unachokipenda. Kata shauri mara moja, kama baba.

Mama nimemwambia. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kumficha mama yangu. Alikuwa anapukuchua maharage. Akauliza, "Mguu gani?" Nikasema wa kulia. Akauliza, "Umekuwa wa rangi gani?" Nikamwambia ulivyoandika. Akainuka akatoka nje, maharage akayaacha kwenye mkeka, kuku wakala nusu. Ni uzee, nadhani.

Mdogo wako katika Bwana,
Yesaya


Tunduma,
2 Aprili 2001

Yesaya, Mchungaji Mtarajiwa,

Mulishani, yaani hujambo kwa Kibemba! Chinja kitu. Nimeacha.

Barua yako niliisoma mara mbili, nikaipeleka mpaka kwa Daktari Nesta. Alikuwa ameniandalia mipango ya ajabu: nilazwe wiki tatu nne, nimeze vidonge vya kutuliza kiu ya sigara, wauguzi wanichunge kama ndama. Nikamsomea: mto Songwe, kiko, chakula. Nikamwambia, "Daktari, hivyo vidonge wape watoto wa watu. Mimi ni kifungua mimba wa Mzee Zabron. Sisi tunatupa tunakula." Akaniuliza kama nina hakika. Nikacheka mpaka wagonjwa wakaamka.

Pakiti nimeitupia kwenye reli ya TAZARA, maana Songwe uko mbali. Leo siku ya sita. Kichwa kidogo. Usingizi mdogo. Jasho, lakini ni joto la Tunduma. (Ferista anasema kuna baridi. Huyo ni mtu wa Mbozi, anajua nini habari za joto.) Juzi niligombana na karani wa forodha kwa sababu alipiga muhuri taratibu. Jana sahani ya wali ilinitoka mkononi ikagonga ukuta. Mkono uliteleza.

Kidole bado kina rangi ile ile, lakini mwenye kidole ni mpya. Watangazie watu.

Kaka yako, shujaa,
Jairo Zabron


Itumba,
16 Aprili 2001

Kaka Jairo,

Jana Pasaka nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema, kaka yangu aliyekuwa mtumwa wa sigara miaka thelathini ameiacha kwa siku moja kama baba yake. Watu walipiga vigelegele. Kwaya wametunga wimbo, jina lako limo. Tumepanga ibada ya shukrani Jumapili ya tarehe sita Mei. Njoo na Ferista, uje usimame useme mwenyewe.

Mbuzi nimeshamchagua, yule wa madoa. Mama hataki. Kila nikimtaja ananiambia, "Mwache mbuzi aishi kwanza." Nikamuuliza, hufurahi mwanao kupona? Akaniuliza kama ulitetemeka. Nikasema hapana, mtu wa nyumba hii hatetemeki. Akafunika uso kwa kitenge.

Ninakuombea.
Yesaya


Tunduma,
24 Aprili 2001

Shemeji Yesaya,

Mimi si mwandishi wa barua, utanisamehe. Kaka yako hajui kama nakuandikia.

Hajaacha. Alijaribu kweli kweli, siku saba. Mimi nililelewa na watu wanaovuta, nimewaona wakiacha, lakini sijawahi kuona mtu akiwa vile. Siku ya tatu alitetemeka mpaka kikombe kikamshinda. Alilia, shemeji. Jairo huyu unayemjua, aliketi kwenye ngazi ya lori lake akalia kama amefiwa, halafu akanigeukia akanitukana, halafu akaniomba radhi, halafu akasahau jina la binti yetu mdogo, mwenyewe amesimama mbele yake. Siku ya saba alivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa miguu, na ule mguu, akarudi na pakiti kwenye soksi. Tangu hapo amejaribu mara nne nyingine.

Sasa anavutia chooni mchana. Choo chetu hakina paa, moshi unapanda, majirani wote wanaona, na yeye anatoka anapiga mluzi. Watoto wanajifanya hawaoni. Mimi pia. Halafu ikaja barua yako ya Pasaka. Ameisoma mpaka imekatika kwenye mikunjo. Ameniambia, "Ferista, baba yangu alitupa akala. Mdogo wangu aliumwa kichwa siku mbili. Mimi ni takataka gani?"

Kidole cha pili nacho kimebadilika rangi. Hospitali hataki kurudi, anasema atamwambia nini yule mama. Zimebaki siku sita.

Usimhubirie tena, nakuomba. Na wimbo wa kwaya usimtajie. Kama Mama ana neno, mwache Mama aseme.

Shemeji yako,
Ferista


Itumba,
29 Aprili 2001

Jairo mwanangu,

Anayeandika ni Yesaya, lakini maneno ni yangu mimi Roda mama yako. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze.

Amenisomea barua ya mkeo. Alipofika kwenye kutetemeka nilimwambia basi, lete karatasi.

Zabron hakukuzaa. Zabron alikulea. Aliyekuzaa ni kaka yake mkubwa, aliitwa Ipyana. Mimi niliolewa na Ipyana kwanza. Alipofariki ulikuwa tumboni miezi minne. Wazee wakakaa, wakasema Zabron anirithi, kama ilivyokuwa desturi, na mtoto akizaliwa awe wa Zabron moja kwa moja, jina la marehemu lisitajwe kwake, asije akajiona mgeni kwenye nyumba yake. Nilikubali. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Zabron naye aliapa, na hakuvunja. Hakukubagua hata kwa kipande cha nyama, wewe ni shahidi.

(Kaka, mimi Yesaya naandika hapa kwa ruhusa. Sikujua. Nimeweka kalamu chini nikatoka nje kidogo, ndiyo maana wino umebadilika.)

Ipyana alikwenda Johannesburg kuchimba dhahabu, akarudi na tumbaku. Alivuta kama jiko la mkaa. Nilipomwambia aache, alijaribu, kwa sababu alinipenda. Siku ya pili alianza kutetemeka. Alivunja chungu changu kisha akaketi akakusanya vigae huku analia. Tumbaku hapa ilipoisha alivuka mto akaenda mpaka upande wa Nyasaland, Malawi ya sasa, kutafuta. Watu walisema ni mtu dhaifu. Mimi pia nilisema. Zabron alivuta kiko mara moja moja baada ya chakula, alipokitupa sikushangaa, hakikuwa kimemshika. Ipyana kilimshika tangu siku ya kwanza.

Halafu mguu wake ukawa baridi. Kidole, kisha unyayo, rangi ile ile unayosema. Mguu wa kulia. Hatukujua kama ni moshi. Watu walisema amekanyaga dawa iliyozikwa njiani, wakamshika mzee Kefa jirani yetu, kwa sababu walikuwa wamegombania mpaka wa shamba. Kefa alifukuzwa pamoja na watoto wake, wakaenda kuishi Chitete. Ipyana alikufa mguu ukinuka, na tumbaku mkononi.

Yesaya aliponiambia habari ya mguu wako, nilijua siku hiyo hiyo. Nikanyamaza kwa sababu ya kiapo, na kwa sababu niliogopa utasema huna kwenu. Kunyamaza kwangu kumekula kidole cha pili. Nisamehe.

Nenda kwa daktari umwambie baba yako ni nani. Na usijiite takataka. Baba yako hakuwa dhaifu. Alikuwa amebeba mzigo ambao sisi wengine hatukuwekewa.

Mama yako Roda

Kaka, ni mimi Yesaya. Niliandika "baba mmoja, mama mmoja, ini moja" kama mtu anayejua. Mbuzi nimemrudisha zizini. Leo ibadani nimesimama nikasema nilitangaza kitu nisichokijua, na kwamba kuumwa kichwa siku mbili si ushujaa. Jumanne nakuja na gari la kwanza. Usinijibu kwamba nisije.


Wodi ya Wanaume,
8 Julai 2001

Mama yangu mpenzi, Shikamoo.

Nimechelewa kukuandikia. Ile barua yako iliponifikia nilikaa kimya siku mbili nzima. Ferista alianza kuita majirani, alidhani nimekufa, maana hajawahi kunisikia nimenyamaza hata usingizini.

Sitakuficha, nilikasirika. Nina miaka arobaini na nne, nimewatambia watu wa nchi tatu kuwa mimi ni kifungua mimba wa Mzee Zabron. Halafu nikawaza: huyu mzee alijua siku zote kuwa mimi si wa kwake, na bado akanibeba begani mpaka Isongole kuchanjwa. Nikashindwa kukasirika vizuri. Na jambo la pili, Mama, nitakuambia wewe peke yako na Yesaya asome kwa sauti ndogo: nilipofika kwenye kile chungu na vigae, nililia kwa raha. Kuna mtu mwingine duniani ilimfanya hivyo hivyo! Miezi yote nilidhani ni mimi tu nimeumbwa vibaya.

Yesaya alipofika tukaenda hospitali. Nikamwambia, "Daktari, ile habari ya ukoo niliyokusomea ilikuwa ya baba mwingine." Hakucheka. Akaketi, akasikiliza yote, na habari ya mguu wa Ipyana akairudia mara mbili. Akasema hawezi kuliona ini langu kwa macho, na damu si kila kitu, hata nusu ya damu yangu ni yako, Mama, wewe usiyevuta. Lakini damu inaonyesha mlima ulipo. Mimi nikamalizia: dereva akijua mlima ulipo anaweka gia ndogo akiwa bado chini. Akasema hiyo nayo ataichora.

Basi nikalazwa. Vidonge nilimeza. Vidole viwili vimekwenda, Mama, hivyo havikuwa na dawa tena. Mguu upo. Una joto. Leo asubuhi daktari kagusa juu ya unyayo akanivuta mkono wangu niguse mwenyewe, na mapigo yapo, madogo kama ya kifaranga.

Siku za kutetemeka zilikuja zote, hakuna iliyosahau njia. Yesaya alikaa hapa siku ishirini na sita. Nilimtukana kwa Kibemba na kwa Kifaransa, akawa ananijibu "Amina" kwa sababu haelewi. Siku ya tisa nilimwomba anitoroshe mpaka dukani. Alinishika mikono yote miwili, hakuhubiri hata mstari mmoja, akasema tu, "Kaka, nieleze barabara ya Lubumbashi, kuanzia mwanzo." Nikamweleza kituo kwa kituo. Tulipofika Kapiri Mposhi kiu ilikuwa imepungua. Tumekwenda Lubumbashi hivyo mara kumi na moja, Mama. Huyo mtoto wako sasa anajua kila kona, nikifa apewe lori langu.

Leo siku ya sitini na nane bila hata sigara moja. Najua bado. Naisikia iko pale nje ya dirisha inapiga honi.

Mwambie Yesaya aende Chitete awatafute watoto wa mzee Kefa. Nataka nikiweza kutembea niende mwenyewe, lakini atangulie, waambiwe mapema kwamba baba yao hakuzika kitu. Wanangu wawili wakubwa nimewaita hapa kitandani nikawaonyesha mguu na nikawaambia mzigo uliomo kwenye damu yetu. Mmoja alitoa pakiti mfukoni akampa muuguzi.

Nina swali moja, Mama. Watu wote wameniambia mguu wake, na kilio chake, na alivyokufa. Mimi nataka kujua kitu kingine. Alikuwa anachekesha?

Mwanao,
Jairo wa Ipyana, wa Zabron,
Dereva wa Kimataifa, vidole nane


Itumba,
20 Julai 2001

Jairo mwanangu,

Yesaya anaandika, mimi nasema.

Amekwenda Chitete. Binti wa Kefa yuko hai, ni bibi kama mimi. Alisikiliza, akampa Yesaya maziwa. Anasema ukija uje na mimi.

Unauliza kama alikuwa anachekesha. Mwanangu, aliporudi kutoka Johannesburg alileta sanduku la bati, na viatu vya kahawia, na uongo ambao sanduku lisingeutosha. Alituambia kule chini ya ardhi kuna barabara, na taa zinawaka mchana, na treni inapita watu wanapanda. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mimi nilimwita mwongo mbele ya mama yake, akacheka kuliko sisi. Juzi nimemsimulia Yesaya, yeye aliyefanya kazi kwenye mgodi wa makaa, akaniambia, "Mama, mbona treni zipo." Kwa hiyo alikuwa anasema kweli. Miaka arobaini na tano nimebaki na kicheko nisichostahili.

Kicheko chako ni chake. Ulipokuwa mdogo ukicheka, Zabron alikuwa anatoka nje kidogo, kisha anarudi.

Viatu ninavyo kwenye sanduku. Kila mwaka navipaka mafuta, sikujua navitunza kwa ajili ya nani. Cha kushoto kimeliwa kisigino. Cha kulia bado kizima, kwa sababu mwaka wa mwisho mguu haukuingia. Yesaya amekipima, anasema ni namba tisa, kama yako.

Weka soksi pale vidole vilipotoka. Njoo ukijaribu.

Mama yako,
Roda